Paa la Majira ya Baridi

Doreen Shilton alikuwa ameinamia paa, akisugua bitana kwa kiganja ili gundi ishike, mlango wa gereji ulipopigwa teke. Hakuinua kichwa. Paa lilikuwa limelazwa chali juu ya stuli kama karai kubwa la chuma, na kitambaa cha ndani kilikuwa kimebakiza pembe moja tu. Gundi ya namna ile haingoji mtu. Mkunjo ukishaingia, huna budi kung'oa kitambaa chote na kuanza upya.

"Mlango uko wazi," alisema. "Teke la nini?"

Aliyeingia alikuwa Tranter, ofisa wa nyumba wa halmashauri, mwenye koti la kuzuia mvua na kitambulisho kinachoning'inia shingoni utadhani kuna mtu aliyetaka kumsahau.

"Mama Shilton! Bado upo tu?"

"Si unaniona."

"Notisi inasema leo. Saa kumi jioni nataka ufunguo mkononi na gereji iwe tupu. Wiki hii tingatinga linaingia, safu nzima inavunjwa." Alichungulia ndani ya paa. "Na hili bati je?"

"Si bati. Ni paa la gari."

"Gari lenyewe liko wapi?"

Doreen alisugua ile pembe kwa nguvu kuliko ilivyohitaji. "Halipo hapa."

"Basi lipeleke nyumbani kwako."

"Nakaa ghorofa ya tatu, ngazi zenu hazipitishi hata sofa. Nikiliacha varandani mtaniandikia barua nyingine."

"Lipeleke dampo."

"Nilikwenda jana kuuliza. Wameniambia hawapokei mtu wa miguu. Lazima uingie na gari."

"Hiyo ni kanuni ya usalama, mama."

"Sasa mwenye gari hana taka, na mwenye taka hana gari. Nifanyeje, nilimeze?"

Tranter alicheka kidogo, kisha akakumbuka yuko kazini. "Tafuta mwenye gari. Ukiliacha humu tutalivunja sisi, na gharama itakuja kwako." Akaenda zake kugonga mlango wa pili, nao akaupiga teke.

Mwenye gari Doreen alimjua vizuri mno. Alikuwa Clive, aliyekuwa mumewe.

Walijuana kiwandani, zamani mji ule ulipokuwa bado unatengeneza magari. Doreen alikuwa chumba cha washonaji, akishona viti na bitana; Clive alikuwa anafunga milango ya magari kwenye bodi. Kiwanda kilipofungwa wakatoka na mikono yao tu, na baadaye wakanunua gari kuukuu la Triumph la viti viwili, rangi ya haradali, lililopita mikononi mwao likiwa jipya. Siku za jua walilitembeza wazi. Kila Oktoba walilivika paa lake la chuma, yeye kushoto, Clive kulia, na kila Aprili wakalivua. Paa lile halivaliki na mtu mmoja. Lina uzito wake, na ukilishusha vibaya linakwaruza bodi upande hadi upande.

Clive aliondoka mwezi wa Julai, paa likiwa limevuliwa. Gari akalichukua, paa likabaki gerejini kwa Doreen. Alikwenda kuishi upande wa pili wa barabara kuu na mwanamke aitwaye Lynette, aliyekuwa akimuuzia chai kwenye kantini ya bohari alikofanya kazi baada ya kiwanda. Uingereza mtu haolewi mke mwenza, sheria haimjui. Lakini donge la mke mwenza lipo, nalo lilimkaa Doreen kooni tangu Julai ile, halishuki wala halitoki.

Zaidi ya mara moja alikuwa amewaona wakipita mbele ya kituo cha basi, gari limefunuliwa, nywele za Lynette zikipepea. Siku hizo alifika kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, akakunja mashuka ya watu kwa hasira mpaka msimamizi akamuuliza yamemkosea nini.

Hata hivyo alilitengeneza paa. Kutu iliyokula kingo aliikwangua kwa brashi ya waya, akaziba matundu, akapiga msasa mkavu, kisha msasa wa maji, akapaka rangi ya haradali iliyobaki kwenye kopo. Bitana aliikata na kuishona mwenyewe kwa cherehani iliyotoka chumba kilekile cha washonaji, siku mitambo ilipokuwa ikiuzwa kama vyuma chakavu. Ukimuuliza kwa nini anahangaika, angekujibu kwamba hapendi kuona kitu kizuri kikioza. Ukweli ni kwamba alikuwa anamngoja Clive. Alijua paa lile haliwezi kumalizika bila gari. Kioo cha nyuma hakitiwi paa likiwa chini; lazima kwanza paa lifungwe juu ya gari, likae umbo lake, ndipo kioo kiingie. Ukitanguliza kioo, siku ya kukaza bolti kinapasuka. Kosa hilo Clive aliwahi kulifanya, akaokota vipande nusu siku. Kwa hiyo kioo kilikaa kimeviringishwa blanketi kwenye kona, na Doreen akajipa moyo kwamba iko siku mwenyewe atakuja, atainua upande wa kulia, na ataona kazi ya mikono aliyoiacha.

Alisimama akafuta gundi vidoleni. Wazo likamjia: liache. Lisagwe na tingatinga. Heri liwe chapati kuliko yule mwanamke aketi chini yake. Wazo lilikuwa tamu, akalitafuna kwa muda mzuri. Kisha akakumbuka kwamba hata tingatinga lenyewe angelipishwa yeye. Akavaa koti, akaenda kwenye kibanda cha simu.

"Doreen?" Sauti ya Clive ilikuwa na kelele za bohari nyuma yake. "Kuna nini?"

"Gereji wanaivunja. Ukilitaka paa lako, njoo na gari kabla ya saa kumi."

"Lina hali gani?"

"Utaliona."

"Kutu ilikuwa imelila sana lile."

"Nimekwambia utaliona."

"Haya. Mchana nakuja. Doreen... ahsante."

Lile neno moja lilimfanya atembee haraka kuliko alivyokuja. Gerejini alifagia. Alipindua paa taratibu, upande mmoja kwanza na mwingine baadaye, kwa msaada wa stuli na nguo kuukuu. Akajitazama kwenye kioo cha pembeni cha gari fulani kilichokuwa kikining'inia ukutani, akachana nywele, akapaka rangi ya mdomo, akaifuta, akaipaka tena. Alijiona mjinga na hakujali. Alikuwa ameacha zamu ya siku nzima kwa ajili ya gereji hii, na hakuona tena kama amepoteza kitu.

Gari alilitambua kwa mlio kabla halijakata kona. Lilisimama, mlango ukafunguka, akashuka Lynette peke yake.

"Clive kabanwa," alisema. "Wamemwongezea zamu, na ukikataa siku hizi wanakuandikia onyo. Akasema nije mimi." Alikuwa mwanamke mfupi, mdogo kwa Doreen, na alikuwa amevaa koti la ngozi ya kondoo la Clive. Kiraka cha kiwiko kile alikishona Doreen, kwa uzi wa kahawia, jioni moja wakisikiliza redio.

"Unaweza kuinua?" Doreen aliuliza.

"Naweza."

"Hujui hata uzito wake."

"Ndiyo maana tuko wawili, dada."

Doreen hakuwa dada yake, lakini saa ilikuwa inakwenda. Kiti cha dereva kilikuwa kimesogezwa mbele. Cha abiria kilikuwa na mto wa kufuma, waridi kwa nyeupe, juu ya ngozi ambayo yeye Doreen aliishona pindo kwa pindo. Aliuangalia mto ule kama mtu aliyekuta mdudu kitandani.

"Mimi kushoto," alisema.

"Najua. Clive kaniambia nishike kulia. Kasema nisishike ukingo wa kioo, nishike chini, kiganja kielekee juu, na nisihesabu tatu bali nikufuate pumzi."

Damu ilimpanda Doreen usoni. Maneno yale yalikuwa yake. Yeye ndiye aliyemfundisha Clive, neno kwa neno, Oktoba yao ya kwanza. Na Clive akayachukua kama alivyochukua gari, akaenda kumpa mwingine.

"Kakwambia pia nani alimfundisha?"

"Hapana," Lynette alisema. Kisha akaelewa, akatazama chini.

Waliinua. Lynette alifuata pumzi vizuri, na jambo hilo nalo lilimuudhi Doreen. Paa lilishuka juu ya gari, likakaa. Doreen akatia bolti za mbele kwa vidole tu, akazunguka akatia za nyuma, akarudi kukaza kidogokidogo huku na huku. Akafungua blanketi, akakivisha kioo mpira wake wa kuzunguka kingo, akapitisha kamba ndani ya mfereji wake pande zote, ncha mbili zikatokeza chini.

"Ingia ndani. Nikibandika kioo utavuta kamba ndani, ulimi wa mpira uingie kwenye ukingo wa paa. Mimi nagonga kwa nje. Usiwe na haraka."

Lynette akavuta.

"Taratibu! Unavuta kama unakamua ng'ombe!"

"Sijawahi kukamua ng'ombe."

"Inaonekana."

Lynette alicheka, na Doreen kidogo acheke naye, akajizuia kwa wakati. Kiganja kinapiga nje, kamba inatoka ndani, mpira unaingia kidogokidogo. Nyuso zao zilikuwa pande mbili za kioo, karibu kiasi cha kupeana siri.

"Najua hunipendi," Lynette alisema kutoka ndani.

"Vuta kamba."

"Ningekuwa wewe nisingempenda mtu kama mimi."

"Pembe hiyo ni ngumu. Vuta kwa pembeni, usivute kwako."

Kioo kikaingia, kikalia kidogo, kikatulia. Lynette akainua macho na kuiona bitana juu yake kwa mara ya kwanza, rangi ya maziwa, pindo zake zimenyooka kutoka mbele mpaka nyuma. Akaigusa kwa ncha za vidole. "Mungu wangu," akasema polepole. "Na hii umeishona kwa mkono?"

"Kwa cherehani. Toa vidole, utaichafua."

Ilibaki silikoni ya kuzuia maji tu. Doreen alichukua bomba lake, akaanza kuziba pale paa linapokutana na fremu ya kioo cha mbele. Alikwenda vizuri mpaka akafika juu ya kiti cha abiria, juu ya ule mto wa waridi. Hapo akaruka bila kuziba. Kipande kidogo tu, urefu wa kidole. Kutoka nje hakionekani, lakini mvua ya upepo ingekijua. Lynette ataketi, amejipamba, na tone la baridi litamwangukia utosini. Atafuta, litakuja jingine. Na Clive hatajua kamwe linatoka wapi. Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Doreen aliona raha ambayo hakuwa ameiona tangu Julai ile.

Akafunika bomba. Akafuta mikono. Akakusanya vifaa vyake, akazunguka gari kulitazama, akarudi mbele, akasimama. Jicho lake halikwenda popote isipokuwa pale. Alijiambia aache. Alijitukana. Mwishowe akafungua lile bomba, akaziba kipande kile, akakilainisha kwa kidole kilicholoweshwa mate kama walivyofanya kiwandani, na akamchukia Lynette zaidi kuliko asubuhi, kwa sababu sasa alikuwa amemfanyia kazi safi.

"Siku moja uje tukutembeze," Lynette alisema akiwa kwenye usukani.

"Nenda. Mvua inakuja."

Gari liliondoka na paa lake. Kutoka nyuma lilipendeza mno. Doreen hakupunga mkono, lakini alilitazama mpaka likakata kona.

Tranter alifika na mwavuli mvua ilipoanza kudondoka. Alichungulia gereji, akaona imeachwa tupu na sakafu imefagiliwa, akanyoosha mkono. Doreen akampa ufunguo.

"Safi sana," Tranter alisema. "Laiti wote wangekuwa kama wewe. Na nikwambie kitu, lakini kibaki kati yetu: hazivunjwi tena mwaka huu. Fedha za mradi zimepelekwa kwingine."

Doreen alimtazama. "Umejua lini?"

"Leo asubuhi, kabla sijatoka ofisini."

"Kabla hujaja kunipigia mlango teke?"

"Mama, notisi ni notisi. Ikishatoka imetoka."

"Basi nirudishie ufunguo wangu."

"Mkataba umekwisha leo. Ukitaka gereji, jaza fomu upya. Lakini kuna foleni."

"Foleni ya nini? Zote hizi zitakuwa tupu!"

"Ndiyo utaratibu," Tranter alisema, na kweli alionekana kuona haya kidogo. Akafunga mlango kwa kufuli jipya la halmashauri, akaujaribu kwa kuuvuta, akaenda kwenye mlango wa pili.

Mvua ikashuka kwa upepo. Doreen alitembea bila mwavuli, maji yakiingia kwenye ukosi na kumteremkia mgongoni. Saa hiyo Lynette alikuwa barabara kuu, na mvua ileile ilikuwa inampiga juu. Doreen alimtakia tone moja. Moja tu, la baridi, katikati ya zile nywele. Akaanza kulipitia paa kichwani, bolti za mbele, fremu, pembe za kioo, mpira, mshono kwa mshono, akitafuta pahali maji yatakapoingilia. Alitafuta njia nzima, na akafika mlangoni kwake nguo zimemganda mwilini, hajapata hata pa kupitisha sindano.