Feni ya Mama Mkwe

Mimi ni mwalimu wa umeme. Mwaka wa kumi na tisa huu nafundisha watu wasijiue kwa nyaya. Kwa hiyo nilipogeuza gari la mizigo kuwa gari la kulala, lenye kitanda, jiko, friji na betri mbili za nyuma, sikuita fundi. Fundi wa nini, na fundi mwenyewe ndiye mimi? Nilimwambia mke wangu, "Injini ikiunguruma tu, altaneta inazijaza betri za nyuma. Wewe kaa ule upepo."

Siku ya pili ya safari, sisi wawili na mama mkwe, saa saba mchana, friji ikaanza kulia tii, tii. Betri zilikuwa hoi. Na humo kwenye friji mlikuwa na dawa ya sukari ya mama mkwe, ya wiki tatu nzima. Ikipita digrii nane ni ya kutupa, na hospitali ilikuwa mbali.

"Kuna kitu kinakula umeme," nikatangaza kwa sauti ya darasani. Nikazima taa. Nikachomoa simu ya mke wangu. Kisha nikaigeukia feni ndogo ya mama mkwe. "Mama, samahani, mlafi ndiye huyu."

"Izime, baba. Dawa kwanza."

Akakaa ndani ya lile gari la bati linalochemka, leso mkononi, nami nikaendesha saa nzima nikijiona bingwa. Friji haikuacha kulia. Kipimajoto kikafika saba.

Nikasimama kando ya barabara, nikafungua kisanduku cha vifaa nitafute mita ya kupimia umeme. Juu kabisa nikakuta fyuzi kubwa, ile inayounganisha injini na betri za nyuma. Niliitoa mwenyewe kabla ya safari ili nikaze waya, kama ninavyowafundisha wengine. Nilikuwa nimeifunga kwa karatasi, na juu ya karatasi, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni, nimeandika: USISAHAU.

Mungu wangu! Kilomita mia sita, na betri hazijapata hata tone.

Nikaipachika kimyakimya kama mwizi, nikawasha injini. Volti kumi na nne: betri zinajazwa. Friji ikapoa, ikanyamaza, dawa ikapona.

"Kumbe ilikuwa nini?" mke wangu akauliza.

Ulimi hauna mfupa. "Feni," nikasema.

Mama mkwe akajifuta shingo. "Nisamehe, mwanangu. Tamaa yangu ya upepo, na wewe unahangaika hivi kwa ajili yangu."

Hapo niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikamkabidhi ile karatasi. "Si feni, mama. Ni mimi."

Mke wangu aliichungulia, akacheka mpaka akashika mbavu. Mama hakucheka.

"Marehemu baba mkwe wako naye alikuwa fundi," akasema. "Miaka thelathini na mbili, kila kilichoharibika mle nyumbani, alisema nimekigusa mimi."

Akaikunja karatasi taratibu, akaitia kwenye mkoba wake.

"Hii nitakaa nayo."