Mara Tano kwa Siku

Wifi yangu Fadhiya aliletwa kwangu Kibokoni mfunguo mosi, mwezi ufuatao Ramadhani, saratani ishamwingia mifupani. Nyumba ilikuwa kimya tangu mume wangu Kamaludin, kaka yake huyo Fadhiya, kututangulia mbele ya Haki miaka sita nyuma. Kiti chake bado kiko ukumbini, karibu na mlango.

Alikuja na furushi la nguo na kofia moja ya vito, ile ya vitundu vidogo vizungushiwavyo uzi. Aliianza kwa ajili ya Kamaludin, mauti yakaitangulia. Sasa alitaka kuimaliza mwanawe Yazid aivae Idd ya kuchinja. "Nikiimaliza kwa mkono wangu mwenyewe, sina deni tena na dunia," aliniambia.

Muuguzi azungukaye majumbani, msichana wa Kikamba aitwaye Ndinda, alituletea chupa ya mofini na karatasi ya maelezo. "Ni mara tano kwa siku, mama," akasema. Sikumngoja amalize. Mara tano! Mimi saa ya ukutani hunipita, lakini muadhini hanipiti. Karatasi nikaikunja nikaitia mtotoni mwa meza, na toka siku hiyo kila nilipokunja mswala nilimpa dawa: Alfajiri, Adhuhuri, Alasiri, Magharibi na Isha.

Siku za mwanzo zilikuwa njema. Asubuhi alishona, nami nikichambua mchele, tukirudi kwa mazungumzo usichanani, ghorofani kwa mamake, tulikofundishwa sindano sote wawili. Kofia yangu ya kwanza kusifiwa naliishona bila kujua ni ya nani. Ikamkaa Kamaludin kama aliyezaliwa nayo.

"Hata leo hujanambia," Fadhiya alinichokoza. "Kichwa cha kaka ulikipimia wapi?"

"Astaghfirullah! Mamako ndiye aliyenipa kipimo."

"Haya, haya. Nami nimeamini."

Wiki ya pili mambo yakageuka. Baada ya Isha vidole vyake vilianza kuruka kama vilivyoguswa na stima. Sindano ikamchoma, tone la damu likaingia kwenye kitambaa cheupe. Nikimfunika leso alilia kuwa yamuunguza, na haikuwa hivyo zamani. Kisha jioni moja akainua kichwa.

"Nabiha, mpishe kaka. Yuwasimama mlangoni nawe wamtazama tu."

"Kaka yupi?"

"Kwani nina wangapi? Asema kahawa yako siku hizi haina tangawizi."

Nikaionja kahawa yangu. Ni kweli, tangawizi nilikuwa nimeiacha tangu eda. Jioni ya pili yake nikaitwanga, nikamimina vikombe vitatu, cha tatu nikakiweka kando ya kile kiti. Fadhiya akanipa salamu zake, akanambia kaka acheka. Nikacheka nami, na machozi yakinitoka.

Yazid alipokuja kutoka Tononoka akaona mkono wa mamake unavyoruka. "Mama Nabiha, hili ni shetani lataka kupungwa. Kuna mzee Majengo. Na hiyo dawa muiwache."

"Dawa ikiwachwa leo, kesho utamsikia mamako akipiga kelele ukiwa huko huko Tononoka. Kaa kitako."

Nilimjibu kwa ukali kwa sababu nilikuwa nishajua. Mimi ni mtu wa kutazama. Asubuhi mkono ulitulia. Ulianza kuruka Magharibi, ukazidi Isha, na Kamaludin hakuja mchana hata siku moja. Kwa hivyo ilikuwa ni dawa. Nalijua hivyo, Mola anisamehe, na siku tatu sikumwambia mtu. Kila jioni nilitwanga tangawizi.

Siku ya nne Fadhiya aliitupa kofia sakafuni. "Mkono si wangu tena," akalia. "Imalize wewe." Nikaiokota, nikaitia chini ya mto wake. Zilikuwa zimebaki safu mbili tu. Nikampigia simu Ndinda.

Akaja asubuhi, Yazid pia yuko. Nikamweleza nilivyotoa dawa. Ndinda akashika kichwa.

"Mama, Magharibi na Isha zimepishana kwa muda gani?"

"Saa moja na kitu."

"Na karatasi niliandika saa kumi na mbili, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili, saa nne! Jioni dawa imekuwa ikimrundikia mwilini. Ikizidi huenda kwenye mishipa ya fahamu: mikono huruka, ngozi huuma hata kwa kuguswa, mtu huona wasiokuwapo." Akampigia daktari, kipimo kikapunguzwa, akamtoa Fadhiya damu ili figo zikatazamwe, maana figo zikichoka nazo hufanya hivyo. "Lakini msiikatize ghafla," akamwambia Yazid.

Fadhiya kitandani akaanza kucheka. "Jamani, wifi yangu kaniswalisha dawa!"

"Shukuru sikukuongezea na za suna," nikamjibu.

Nikaitundika karatasi ukutani chini ya saa. Majibu ya figo yakaja, ziko salama. Siku ya tatu, Magharibi ikaadhiniwa, dawa nishampa kwa saa yake. Vidole vilitulia juu ya shuka. Nikaleta kahawa, vikombe vitatu, kwa mazoea.

Fadhiya akautazama mlango kwa muda. "Haji tena," akasema.

"Najua."

"Ulijua toka lini kuwa ni dawa?"

Nikakiweka chini kikombe. "Siku tatu kabla sijamwita Ndinda. Nisamehe, wifi."

Alikitazama kile kikombe cha tatu. Kisha akaivuta kofia kutoka chini ya mto. "Wewe nawe," akasema taratibu. "Nitilie uzi, mato yangu hayaoni."

Nikamtilia. Akaishika sindano, akaingiza, akavuta, na mkono haukuruka. Nikakaa kwenye kile kiti, karibu na taa, nimwangalie, na kahawa ya kikombe cha tatu nikainywa mimi.