Jicho la Pili la Shangazi

Karani wa hospitali ya macho aliandika jina la shangazi kwenye tovuti, akabonyeza "Tafuta", na tovuti ikajibu kwamba hakuna mgonjwa kama huyo.

"Kwa hiyo hapa unaongea na nani?" shangazi akauliza.

Mpwa wake, fundi aliyeitengeneza tovuti hiyo, aliketi kando akaisoma programu mstari kwa mstari, bila kumlaumu mtu. Daktari wa upasuaji angeondoka saa sita. Mwishowe fundi akaliona kosa: sehemu ya kutafuta ilikuwa imeagizwa ilete marehemu peke yao.

"Hilo tumeshalizoea," karani akasema. "Namwandika mgonjwa kuwa amekufa, anaonekana, anatibiwa. Leo wote nimewapitisha hivyo."

"Basi niue upesi, mwanangu, nisije nikachelewa."

Akauawa, akaingia upasuaji akitabasamu. Huku nyuma fundi akarekebisha agizo: waletwe walio hai tu. Mara daktari akachungulia mlangoni.

"Nimemaliza jicho moja, mgonjwa akapotea kwenye kompyuta. Siwezi kumpasua mtu ambaye hayupo."

Fundi akamgeukia karani. "Mfufue!"

"Kufufua ni kazi ya makao makuu, kaka. Mimi naruhusiwa kuua tu."

Sauti ya shangazi ikatoka ndani. "We mtoto, rudisha hilo kosa lako! Mambo ya uhai tutayaongea nikishaona vizuri!"

Fundi akalirudisha kosa, kisha, kama ilivyokuwa desturi yake, akalijaribu mara mbili kuhakikisha linafanya kazi.