Picha za Wasio na Wenyewe

Ofisini walimwita Mama Chanjo. Hakuna flashi iliyoingia kwenye kompyuta ya kumbukumbu za chumba cha maiti kabla yeye hajaichunguza kama ina virusi kwenye kompyuta kuukuu ya pembeni, isiyounganishwa na chochote. Hata mkurugenzi alipanga foleni.

"Na mimi nichanjwe?" alimtania siku moja.

"Wewe nakuamini, mzee. Flashi yako ndiyo siiamini."

Utani ulikwisha mafuriko yalipokuja. Maiti mia mbili na kumi na mbili walikosa wa kuwatambua. Walipigwa picha, uso, nguo na makovu, wakazikwa kwa namba. Kaka yake Mama Chanjo naye hakuonekana tena. Alizipitia picha zote mara tatu, lakini maji yalikuwa yameharibu nyuso, na hata mke wa kaka yake hakujua alivaa nini siku ile.

Baada ya miezi minne, Jumatatu asubuhi, wifi yake, mke wa kaka huyo, aliingia akihema.

"Wifi, nimepata! Jirani alimpiga picha asubuhi ile ile. Shati linaonekana kabisa."

Akamnyooshea flashi.

Kuichunguza kungechukua nusu saa. Mama Chanjo alimtazama yule mwanamke aliyekonda, asiyejua kama ni mke au mjane, moyo ukamlainika. Akaichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta ya kumbukumbu. Diski ya akiba nayo ilikuwa imechomekwa, ikipokea nakala za wiki.

Shati lilikuwa la mistari ya kijani, mfuko umeshonwa kwa uzi mweusi.

"Mfuko huo nilishona mimi," wifi alisema.

Mama Chanjo akafungua picha ya kwanza ya maiti. Ikaonekana. Ya pili ikakataa. Mara majina ya faili yakaanza kugeuka herufi zisizosomeka, moja baada ya jingine, mbio mbio. Akachomoa flashi, akachomoa diski, akang'oa waya wa umeme ukutani.

"Kuna nini, wifi?"

"Nimekosea. Nimekosea vibaya sana."

Fundi alihangaika wiki mbili, akaokoa picha thelathini na moja. Shati la kijani halikuwamo. Katika diski ya akiba hamkubaki hata moja.

Mama Chanjo aliandika maelezo yake mwenyewe, wala hakumtaja wifi. Wakamhamishia mapokezi, mahali wanapoanzia wanaotafuta watu wao. Kila aliyefika, yeye ndiye aliyemwambia kwamba picha hazipo, na kwa nini.

Wifi hakumlaumu. Siku moja tu alimwomba ampeleke makaburini. Walisimama mbele ya safu za vibao vya namba.

"Ni lipi?"

"Sijui, wifi yangu."

Wifi akapiga magoti kwenye kaburi la kwanza, akaanza kung'oa magugu. Mama Chanjo akaenda kuanzia upande wa pili.