Bibi Breki

...na huyu mchungaji naye hamalizi, ameshasema "kwa kumalizia" na bado anamalizia, na yeye mpiga kinanda amekaa hapa vidole juu ya kinanda kama mtu aliyeambiwa asitikisike apigwe picha, jasho linamtiririka mgongoni ndani ya gauni alilolishona Bibi mwenyewe, na jeneza lile pale mbele, mbona dogo hivi jamani, Bibi alikuwa mtu mkubwa, akiingia, benchi zima linajisogeza bila kuambiwa... "Mama yetu alikuwa nguzo," mchungaji anasema, nguzo wapi, nguzo haicheki, Bibi alikuwa akicheka ibadani mpaka anajiziba mdomo kwa leso, mzee wa kanisa mzima, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa, wanaume wawili wakanuna mwaka mzima, na ni hao hao baadaye waliokuwa wakimfuata kwenye cherehani yake wakitaka awapatanishe na wake zao, naye anakanyaga cherehani, pini mdomoni, anasikiliza, "Ehe, endelea, huo uongo umefika wapi?" na mtu mzima anacheka mwenyewe, anasema ukweli, anarudi nyumbani kwake... nani atawasikiliza sasa... kidole kinamgonga begani, mwalimu wa kwaya huyo, mgeni kutoka kanisa kuu, amekuja na kwaya yake ya sare zinazong'aa kumsindikiza marehemu, na kwa kweli ni wema mtupu, ila ananong'ona kama mwalimu wa hesabu: "Dada, wimbo wa kuaga twende na mapigo, tafadhali. Kwenye mazoezi watu wako walikuwa wanavuta mwisho wa mstari."

"Sawa, mwalimu," kasema sawa, mdomo huu nao una haraka... walivuta, ndiyo, kanisa hili lote linavuta mpaka watoto wa shule ya Jumapili, kila mwisho wa mstari wanakalia ile sauti ya mwisho kama watu waliokuta kivuli, na aliyewafundisha ni mmoja tu, Bibi, benchi la mbele, sauti yake nzito imekaa pale haiondoki, na nani athubutu kuendelea bila yeye, ndiyo maana vijana wakamwita Bibi Breki, wakadhani hajui, kumbe anajua, siku moja akawageukia pale mlangoni, "Kwani nyie gari lisilo na breki mngelipanda?" wakatamani ardhi iwameze... na yeye mpiga kinanda, tangu aliporudi kutoka chuo cha muziki, kapambana na breki hiyo weee, "Bibi, leo tujaribu kwenda na kinanda," "Nitajaribu, mjukuu wangu," Jumapili ikifika ni yaleyale, "Bibi jamani!" "Unakimbilia wapi, umeacha sufuria motoni?" mjukuu wangu, wala si mjukuu wake wa damu, lakini nani hapa ndani hakuwa mjukuu wake... basi leo ndiyo leo, wa kuvuta amelala pale, wimbo unaweza kwenda ulivyoandikwa, safi, mbele ya wageni, na ndio wimbo alioupenda, ni heshima, si ndiyo, kumwimbia vizuri angalau mara moja, mbona basi mkono wa kushoto umekuwa mzito... huu mkono, tangu zamani ndio uliokuwa mzito, tangu ile siku anapimwa gauni akiwa msichana, mpiga kinanda wa zamani amehama, kanisa linaimba kavu, na Bibi, tepu shingoni, "Wewe si unajua kinanda kidogo?" "Kidogo sana, Bibi," "Basi Jumapili utatupigia hicho kidogo," na Jumapili hiyo wimbo ulikuwa huu huu, mkono wa kulia unakwenda, wa kushoto kila mwisho wa mstari unapotea, unapapasa kama mtu anayetafuta swichi gizani, lakini hakuachwa nyuma, hata mara moja, kwa nini hakuachwa... ngoja, ngoja kwanza, ile sauti ilikuwa pale, nzito, inakaa mpaka mkono umepata mahali pake, ndipo mstari mwingine unaanza, na yeye akadhani wimbo ndivyo ulivyo... na kabla ya hapo, enzi za yule aliyehama, walikuwa wanavuta? hawakuwa wanavuta, yeye alikuwa mtoto miguuni pa mama yake, watu wanaimba chapchap wakawahi chai, na anayewaongoza kwa makofi ni Bibi, huyu huyu, haachwi na pigo hata moja, na kwani mguu uliokanyaga cherehani maisha yote utakosa mapigo? Bibi alijua mapigo, alijua kuliko wote humu, alikuwa ananisubiri mimi, Mungu wangu, alikuwa ananisubiri mimi, na mimi nilipokwisha kujua kupiga, kanisa zima lilishazoea kusubiri, wazee wenye pumzi fupi wakapata pa kupumulia, akaona afadhali aitwe Breki kuliko kumwacha mtu nyuma, na asiseme, mwanamke aliyekuwa na neno kwa kila mtu asiseme hili hata kwa utani... Bibi wewe, Bibi jamani... machozi yanaanguka kwenye kinanda, ayafute kwa kitu gani na mikono iko hapa, mchungaji bado yumo, jeneza bado liko pale, na mwalimu wa kwaya ameinama tena, uso wa huruma kabisa.

"Dada, pole. Tumekubaliana lakini, eeh? Hatuvuti."

"Tutavuta, mwalimu," anasema, na hanong'oni, benchi la mbele linageuka kumtazama. "Nyie tangulieni tu. Sisi tutafika."