Vyungu Vipya vya Siku ya Majirani

Subilaga hakuwa mtu wa kununa. Matema nzima ilimjua kwa kicheko chake kikubwa na kwa mkono wake wa kupika. Kukiwa na harusi, kukiwa na msiba, askofu akija kubariki, alitafutwa yeye, Mama Gift. Lakini mwaka jana, Siku ya Majirani ilipofanyika kwa mara ya kwanza, alirudi nyumbani amenuna, na ule mnuno ukakaa.

Siku hiyo ilianzishwa na Kamati ya Mshikamano ya kata. Wazo lilikuwa jema: Wanyakyusa wenye mashamba ya kakao na mpunga, Wakisi wa ufukweni, na walimu, wauguzi na maofisa waliohamishiwa huku kutoka mikoa mingine, wakutane uwanjani mara moja kwa mwaka, wacheze na wale pamoja. Subilaga alikabidhiwa jiko. Alipika mbalaga, ndizi zilizochemshwa na nyama mpaka zikalegea, na wali wa Kyela ambao harufu yake ilifika barabarani. Watu walikula wakajilamba vidole. Isipokuwa Mwanaidi, muuguzi wa zahanati aliyetoka Tanga, na Waislamu wenzake. Hao walikaa na soda mkononi mwanzo hadi mwisho, wakitabasamu na kusema wameshiba.

"Wameshiba nini?" Subilaga alimuuliza mumewe usiku ule. "Waseme tu kwamba chakula changu kinawatia kinyaa."

Tangu hapo hakuikanyaga tena zahanati. Dawa zake za presha zilipokwisha hakuzifuata. Kichwa kikimgonga, alikifunga kanga akalala.

Mwaka huu kamati ikampanga na Mwanaidi katika kundi moja la chakula. Subilaga alitaka kukataa, ila kabla hajapata wa kumwambia, mchana mmoja alimwona Mwanaidi mwenyewe akiingia uani, mkoba begani.

"Mugonile, mama," muuguzi alisalimia, Kinyakyusa chake kikiwa na lafudhi ya Tanga.

"Ndaga," Subilaga alijibu bila kuinua macho. Alikuwa akigeuza kakao juu ya mkeka. Lakini mgeni ni mgeni. Alimletea kigoda na sahani ya ndizi mbivu, akarudi kwenye kakao yake. Alipogeuka, sahani ilikuwa na maganda matupu.

"Kumbe kwangu unakula?"

Mwanaidi alijifuta midomo kwa aibu. "Ndizi mbivu haijaingia kwenye sufuria ya mtu, mama."

"Sufuria zimefanya nini?"

Muuguzi aliiweka sahani chini, akaamua kusema. "Mimi sili nguruwe, mama. Wala sili kilichopikwa kwenye sufuria iliyopikiwa nguruwe. Zile za mwaka jana ni za kanisa, na wiki iliyotangulia zilipikiwa nguruwe kwenye sherehe ya mavuno. Nilipita nikaona."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Nilikuwa mgeni hapa. Ningetaja sufuria, ungesikia nimesema ninyi ni wachafu."

Subilaga alishika kiuno. Alitaka kukasirika, akakosa wa kumkasirikia. "Kwa hiyo mwaka mzima nimekununia kwa ajili ya sufuria?"

"Na mimi mwaka mzima najiuliza nimekukosea nini. Dawa huji kuchukua. Lete mkono." Alitoa mashine ya presha mkobani, akampima palepale, akatazama namba, akaanza kumgombeza kama mtoto. Subilaga alimwacha amgombeze. Kesho yake asubuhi alikwenda zahanati.

Kwenye kikao cha kamati mambo hayakuwa mepesi. Mwenyekiti Hezroni, mzee wa kanisa na mkulima wa mpunga, aliwasikiliza wanawake hao wawili wakieleza habari ya sufuria, akavua miwani. "Tukianza na sufuria, mwakani itakuwa nini? Wenyeji hapa ni sisi, na wengi ni sisi. Wao si wana soda zao?"

Mwanaidi aliinamisha kichwa. Subilaga alisimama. Hakuwa amepanga kusema neno.

"Mwenyekiti, kama ni sisi walio wengi tu wa kula, tubaki majumbani kwetu tule huko. Hii tumeiita ya majirani. Mwaka jana niliona watu wamekaa na njaa kwenye chakula changu, na mimi nikawachukia kwa hilo. Sitaki kurudia."

"Fedha za sufuria mpya hakuna," alisema mjumbe mmoja.

"Tutapikia kwenye vyungu vipya," Subilaga alisema, akajishangaa mwenyewe. Kamati ikakubali shingo upande.

Siku ya soko alikwenda Lyulilo, ambako vyungu vya Wakisi vilikuwa vimepangwa mchangani, vingine vikiteremshwa kutoka kwenye mitumbwi. Alimfuata Tereza, mfinyanzi aliyesifika kuliko wote. Tereza alimtazama juu hadi chini.

"Mama Gift. Si wewe uliyesema kwenye harusi kwamba mchuzi wa chungu una ladha ya tope?"

"Nilisema."

"Na leo?"

"Leo nina shida."

Tereza aliwahudumia kwanza wateja wengine wote, taratibu, huku Subilaga amesimama juani. Alipomaliza ndipo akamsikiliza. Vyungu angetoa, na kamati ingemlipa kwa mchele. "Ila nami nina langu. Mwaka jana Wakisi tuliitwa kucheza ngoma tu, halafu tukaambiwa ahsanteni. Safari hii tutapika. Samaki wetu, kwa mapishi yetu, na mimi nikae jikoni."

"Ukae," alisema Subilaga. "Ndaga fijo, ahsante sana."

Siku yenyewe mvua ilinyesha tangu alfajiri, kama inavyojua kunyesha Kyela. Kuni zililoa, moshi ukawatoa machozi. Ng'ombe alichinjwa na afisa uvuvi, Mwislamu, kama walivyokubaliana. Subilaga, aliyezoea sufuria, aliona mchuzi unakauka akamimina maji baridi kwenye chungu cha moto. Kikalia ta, kikapasuka! Mchuzi wote ukaenda majivuni.

Hezroni aliona kila kitu kutoka chini ya turubai. Subilaga alihisi machozi yakimjia, na safari hii hayakuwa ya moshi. Tereza hakumsema. Alivuta kuni mbili kutoka mafigani, akamkabidhi kata ya maji ya moto. "Polepole," alimwambia. "Chungu hakipendi kushtuliwa."

Chakula kilichelewa mno. Wapo walionung'unika, wapo walioondoka. Lakini mvua ilipokatika na vyungu vikafunuliwa, mbalaga upande huu, samaki aina ya mbasa kwa nyanya upande ule, mstari ulizunguka uwanja. Mwanaidi alikuwa wa kwanza kuonja. Alitafuna, akafikiri.

"Chumvi imepungua," alisema.

Wanawake wa jikoni walimtazama Subilaga. Naye akaangua kicheko chake kile kikubwa mpaka akashika mbavu. Mtu aliyekula kwa adabu angesifu tu. Huyu alikuwa amekula kama wa nyumbani.

Hezroni alikuja mwishoni, sahani mkononi, macho pembeni. "Eti yule samaki amebaki?"

"Umebaki mkia, Mwenyekiti," alisema Tereza, akampakulia na mchuzi mwingi.

Subilaga alikuwa bado amesimama na upawa. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni. Wapishi ndivyo walivyo. Mwanaidi alimnyang'anya ule upawa, akamkalisha kwenye mkeka kwa kumbonyeza mabega, akaenda kupanga mstari, nyuma ya watoto, kumchukulia sahani.