Nafasi ya Bi Batuli

Mimi subira sina, na sijawahi kumdanganya mtu kwamba ninayo. Asubuhi ile nilizipanga sauti za akina mama kwenye kompyuta, kila moja na treki yake, nikabonyeza zicheze pamoja. Nikasikia ngoma peke yake. Kiitikio kikaja, kizuri, kimejaa, halafu tena ngoma tupu!

Nikampigia Maua wa Urambo. "Wote mmeitikia. Sasa nani kaimba?"

"Makubwa! Tuimbe sisi? Hapo si pa Bi Batuli?"

Wa Kwihara naye akanijibu hivyo hivyo. Kikundi kimetawanyika siku hizi, kwa hiyo niliwatumia mdundo wa ngoma, kila mtu akajirekodi kwa simu kwake. Na kila mtu kamwachia kiongozi nafasi, wakati wanajua fika kwamba tangu Ramadhani kiharusi kimemnyang'anya Bi Batuli maneno. Wimbo wenyewe ni wa harusi ya mjukuu wake, kesho yake huko Urambo, na yeye safari haiwezi. Sauti yake isipokwenda, basi hakwenda kabisa.

Nikabeba kompyuta yangu mpaka kwake, hapa hapa Cheyo.

"Shikamoo mama."

Kitandani alipoketi, akainua mkono ule uliobaki na nguvu. Marahaba yake siku hizi ndiyo hiyo. Nikamvisha hedifoni. Ngoma ilipofika kwenye nafasi yake, akaimba. Maneno hayakuwamo, wallahi, hata moja. Mahadhi tu, yanaburuzika, yanakwama, lakini palipotakiwa kupanda alipanda. Nilirekodi huku nalia, wala sikuona haya.

Mwanawe Adinani, baba wa bibi harusi, alikuwa amesimama mlangoni muda wote.

"Dada Zuwena, hapana," akasema. "Mji mzima unamjua mama kwa uimbaji wake. Leo watu wamsikie hivi? Kata hizo nafasi, wimbo uanzie kwenye kiitikio."

"Sikati."

"Basi nitumie sauti mbalimbali, kila moja peke yake. Mtu wa muziki kule ukumbini ataitoa ya mama."

Macho yake yalikuwa mekundu. Nilimwonea huruma, lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi. Mama wa watu yuko pale pale, anasikia kila neno!

Nikakaa mkekani karibu na miguu ya Bi Batuli. Treki yake nikaipandisha juu ya ngoma, nyingine nikazishusha kidogo zimpishe.

"Ukiziunganisha nitamtoaje?" Adinani akauliza.

"Humtoi."

Nikaziunganisha zote zikawa faili moja. Nikamtumia Maua hapo hapo, Adinani akinitazama, kisha nikalicheza kwa sauti chumba kizima.

Bi Batuli akasikia anaanzisha, na wenzake wa Urambo na Kwihara wanamwitikia. Akashtuka. Akalishika shati la mwanawe, akalivuta, akalivuta tena, mpaka yule mtu mzima akaketi chini. Mama akaanzisha ubeti wa pili humo kwenye kompyuta, na pale kitandani akaanzisha pia. Kiitikio kilipofika, Adinani akaitikia, sauti inamkatika.

Akanigeukia. "Umenirekodi?"

"Nikurekodi wapi? Umechelewa, baba. Faili lilishakwenda."